Mama Brashi na Mlango wa Masizi Uliozibwa

"Moshi una uchafu gani hata uoshwe?"

Swali hilo, wasikilizaji wapendwa, aliulizwa na jirani yake siku ya kwanza alipotoka nyumbani na brashi begani. Akajibu, "Moshi siuoshi, dada. Naosha koo ulimopita. Kwani wewe ukishakula husukutui?" Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Jina likamganda tangu siku hiyo: Mama Brashi.

Leo tunamkumbuka Mama Brashi, msafisha dohani. Dohani ni lile bomba la moshi wa jiko la kuni, linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Alizisafisha kwa miaka kumi na tisa. Alifariki Jumanne iliyopita, kwa moto wa dohani aliyokatazwa kuisafisha. Narudia, maana wapo wanaosema vingine. Alikatazwa.

Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe. Mume aliacha brashi, kamba yenye chuma mwishoni, na binti wa miaka sita. Shemeji mtu akaja juu. "Kupanda paa si kazi ya mwanamke!" Mama Brashi akamsogezea ngazi. "Haya shemeji, panda wewe." Shemeji akaitazama ngazi, akatazama juu, akakumbuka ana safari.

Alikuwa na desturi yake. Akimaliza kusafisha, anayamwaga masizi juu ya gazeti na kuita nyumba nzima. "Njooni mwone mnacholala nacho." Masizi makavu kama unga, anasema alhamdulillahi. Masizi magumu, yanayong'aa kama lami, uso unabadilika. "Hii ni petroli iliyovaa nguo nyeusi. Mmechoma kuni mbichi. Kuni mbichi hulia jikoni, machozi yake yakaganda humu ndani." Anawaagiza waanike kuni mpaka zikauke, wasichome takataka jikoni, wamwite mara mbili kwa mwaka.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Ghorofa moja, familia nne, dohani moja. Chini ya dohani, ukumbini, palikuwa na kimlango cha chuma, ukubwa wa daftari. Masizi hutolewa hapo. Mwaka jana mwenye nyumba alipaka ukumbi rangi nyeupe. Kimlango akakiona kinamharibia ukuta. Akakiziba kwa saruji, akapaka rangi juu yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mama Brashi alikwenda mara tatu kumwomba akifungue. Ukisugua dohani kutoka juu, masizi yanaanguka chini na kuziba njia, hayana pa kutokea. Mara ya kwanza mwenye nyumba alicheka. "Mama, ukuta wangu umetoka saluni, usinichafulie." Mara ya pili hakufungua geti. Mara ya tatu alimfokea mbele ya wapangaji. "Unatafuta kazi kwa kutisha watu!"

Wapangaji walisikia. Lakini baridi haina subira. Waliwasha jiko.

Ilikuwa saa nane mchana. Dohani ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, cheche zikatoka juu ya paa. Mama Brashi alikuwa anakaa mtaa wa pili. Aliusikia mngurumo huo, akajua ni nini. Alifika akipiga kelele, "Fungeni mlango wa jiko, moto ukose hewa! Kila mtu nje! Pigeni simu zimamoto!" Dereva mmoja, mpangaji, alishapanda paani na ndoo. "Usimwage!" Akamwaga. Dohani iliyokuwa imewaka ikapasuka kwa maji baridi, pa! Moto ukapita kwenye ufa, ukaingia darini.

Dereva aliniambia akilia, "Nilijua dawa ya moto ni maji tu. Nani alinifundisha lingine?" Mimi simlaumu.

Ghorofani alibaki bibi mmoja, miguu haimchukui. Mama Brashi alimteremsha mgongoni. Bibi yuko hai. Amesema, "Alikuwa akinitania ngazini, kwamba mimi mzito kuliko gunia la masizi." Mama Brashi alikuwa ameumeza moshi. Siku ya tatu, hospitalini, akatutoka.

Na mwenye nyumba anasemaje? Anasema fundi hakusafisha vizuri. Tena mbele ya maiti! Akiulizwa habari za saruji, anasema ni mapenzi ya Mungu. Ndugu yangu, Mungu hakushika mwiko wa saruji. Mimi namcha Mungu, na ndiyo maana sitakubali jina Lake lipakwe ukutani kama rangi nyeupe. Jina la marehemu nalo halitachafuliwa hapa.

Tunawapa pole binti yake, shemeji yake na wajukuu wawili. Mola amweke mahali pema. Nawe unayenisikiliza ukiwa karibu na jiko, jiulize: dohani yako ilisafishwa lini? Ukisikia inanguruma, utafanya nini kwanza? Kama mpangishaji wako amekuzibia kimlango, usinyamaze kwa haya. Haya haizimi moto.

Binti wa marehemu ninaye hapa studio. Ndiye anayeishika kazi ya mama yake sasa. Nimemwomba neno la mwisho.

"Shikamoo mama mtangazaji, na wasikilizaji nawasalimu. Mama yangu alikatazwa. Hilo mmelisema, nashukuru. Lakini yule bwana ana nyumba nyingine, nyuma ya kiwanda cha viatu. Kimlango kimezibwa vilevile. Ndani mna watoto tisa. Jiko huwashwa saa kumi na moja."

"Na sasa ni saa ngapi, mwanangu?"

Ametazama saa ya ukutani. Ni saa kumi na dakika ishirini. Wasikilizaji wapendwa, binti ameinuka. Amechukua nyundo na patasi kwenye mfuko wake, amefungua mlango wa studio, ametoka.