Watoto Waliolala Adhuhuri

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote, wa msikitini, wa kanisani, na wale mliofuata harufu ya chapati. Mama mwenyekiti alinipa dakika kumi. Niliomba ishirini, tukaelewana kumi na tano, kwa hiyo msinikatishe.

Wengi mnanijua. Nauza kava za simu na chaja mjini, na bei yangu ya kwanza huwa ni salamu tu, bei yenyewe inakuja baadaye. Mke wangu yuko kiwandani, kule eneo la viwanda la Jacobs, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Binti yetu wakati ule alikuwa hajafika miaka mitatu. Nilijaribu kumweka mezani pangu barabarani. Aligawa kava bure kwa kila aliyemchekea. Ningefilisika kwa tabasamu.

Basi tukasikia kuna dada mmoja analea watoto wa wafanyabiashara kwenye fleti yake, ghorofa ya kwanza, juu ya saluni. Mtu wa kwetu kabisa, anaongea kama mama zetu. Jina simtaji, na anayelijua alitunze. Hatukuuliza mengi. Mtu wa kwetu, utamuuliza nini?

Baada ya wiki chache binti akabadilika. Zamani alikuwa akirudi anaongea mpaka unatafuta pamba ya masikio. Sasa anakula vijiko viwili, kichwa kinaangukia sahani. Mke wangu akasema, "Yule dada ana mkono mzuri. Kamtuliza mtoto." Nami nikasema ndiyo. Tulikuwa tumechoka, ndugu zangu. Ukiwa umechoka, mtoto anayelala unamwona kama zawadi.

Mwenye saluni, mama wa Kikongo, ndiye aliyeanza. Jioni moja nashuka na mtoto begani, akanisimamisha na kitana mkononi.

"Papa, mtoto yako iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Amechoka kucheza."

"Kucheza wapi? Mimi niko hapa chini siku nzima. Watoto wako juu ya kichwa yangu, na sisikie mguu hata moja."

Nikacheka nikaenda zangu. Lakini neno lile lilinikaa. Watoto wengi, sakafu ya mbao, na hakuna mguu?

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyogeuka kuwa msaada. Mwisho wa mwezi nilikwenda kupunguziwa bei. Hoja yangu ilikuwa hii: mtoto wangu hasumbui, analala tu, kwa nini nilipe sawa na wenye watoto wa kelele? Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja nyingine tatu mfukoni. Yule dada akasema, "Sawa, kaka," kabla sijamaliza ya kwanza.

Nilishuka ngazi nimekasirika. Nyie mnaouza pale soko la Warwick mnanielewa. Mwenye bidhaa safi hakubali upesi namna ile. Akikubali, unaigeuza bidhaa unaangalia chini yake. Nikajiuliza usiku kucha: huyu dada anauza nini hasa, na kasoro iko wapi?

Kesho yake adhuhuri nikamwachia jirani meza, nikapanda bila kupiga simu. Alifungua mlango nusu. Nikapita kwenye ile nusu. Pazia zimefungwa, televisheni inaonyesha katuni, na chini kwenye magodoro watoto wamepangwa kama viatu. Nikawahesabu: kumi. Nikahesabu tena, ndivyo nilivyo: kumi. Katikati ya mchana! Mfuko wangu wa chaja ukaniponyoka, ukaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyegeuka.

Nikamwinua binti yangu. Shingo kama ya mwanasesere. Midomo inanata, inanukia utamu wa dawa.

"Dada, umewapa nini?"

"Dawa ya kikohozi tu, kaka. Kidogo."

"Wote wanakohoa?"

Akanitazama. "Wangekohoa."

Mnacheka. Mimi nilicheka baada ya miezi mingi. Siku ile nilimwita binti kwa jina, nikampulizia usoni, akafumbua jicho moja na kulifunga. Yule dada akaanza kulia na kuongea kwa pamoja: "Kaka, ukienda hospitali watakuuliza karatasi. Kibali chako si kimekwisha? Watamchukua mtoto, na mimi watanifunga. Tuyamalize hapa hapa, sisi kwa sisi. Nitamlea bure mwaka mzima."

Ndugu zangu, katika maisha yangu ya biashara sijawahi kupewa ofa nzuri kama ile. Na alichosema kuhusu karatasi ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko kitu chochote. Mtaani tulikuwa tunaambizana kwamba watu wa ustawi wa jamii wakishamchukua mtoto wa mgeni, humwoni tena. Nilisimama mlangoni na mtoto mikononi, siendi mbele, sirudi nyuma. Kama si yule mama wa saluni, aliyesikia kishindo na kile kilio, kupiga kelele kutoka chini, sijui. "Papa! Unangoja nini? Shuka!" Akatoka na aproni yake, akasimamisha taxi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, akamfukuza abiria wa kiti cha mbele kwa Kizulu ambacho sikukitafsiri.

Hospitali, sista muuguzi hakuuliza karatasi. Aliuliza mtoto anaitwa nani, amekunywa nini, saa ngapi. Wakamwekea mashine ya kupima pumzi. Daktari kijana akaniuliza kwa Kiingereza, "Alikunywa mwenyewe nyumbani?"

Angalieni mlango alionifungulia. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Ajali ya nyumbani, pole baba. Hakuna polisi, hakuna mtu wa kwetu anayefungwa, hakuna anayeniita msaliti. Mdomo wangu ulishajiandaa. Kisha nikawaona wale tisa kwenye magodoro, na mama zao wako sokoni wanauza nyanya, wanamshukuru Mungu kwa watoto watulivu.

Nikasema, "Amepewa. Na wako wengine tisa, bado wamelala."

Daktari aliacha kalamu, akakimbia kwenye simu.

Baadaye akaja dada wa ustawi wa jamii. Nikaingia kazini. "Dada yangu, tuelewane. Mwacheni leo aende nami, kesho nitamleta." Akasema, "Baba, hapa hakuna linalouzwa. Kaa, nieleze analala wapi, anakula nini, nani anamuogesha." Nikamweleza. Hakuandika kibali, aliandika anapenda chakula gani. Nikashangaa mpaka nikamuuliza: na karatasi zangu? Akasema za kwangu ni jambo langu na zina ofisi yake, lakini mtoto mdogo anatibiwa, na anastahili kulindwa, awe wa nani. Sikuamini. Niliuliza tena kwa namna nyingine, kama mtu anayetafuta kasoro. Jibu halikubadilika.

Binti alipoamka, yule dada wa ustawi hakuniuliza mimi. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza binti yangu anataka kwenda na nani. Mtoto wa miaka miwili! Kwetu nani humuuliza mtoto? Binti akafikiri. Akasema, "Na baba. Chips kwanza."

"Huyu ni wako kweli," yule dada akasema.

Wale tisa walifikishwa hospitali siku ile ile. Wote wako hai, wengine mnawasikia wanagombana hapo nje. Yule mlezi alifikishwa mahakamani, akazuiwa kulea watoto. Sikwenda kushangilia. Najiuliza mpaka leo: mtu mmoja, watoto kumi, tangu alfajiri mpaka magharibi, sisi wazazi tulidhani anafanyaje?

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Wa kwetu waliacha kunisalimia. Mmoja alipita mezani pangu akatema mate: "Umemuuza dada yako." Mke wangu aliacha kazi kukaa na mtoto, na mimi nikaanza kula mara moja kwa siku nikisema nimeshiba. Kisha siku moja akaja mama mmoja wa nyanya. Hakusema samahani wala asante. Alisema, "Wangu ameanza kuongea. Nilidhani ni bubu." Akakaa kwenye kreti langu, akalia, akachagua chaja asiyoihitaji. Sikumpunguzia, nilimpa bure. Eish, mara ya kwanza na ya mwisho.

Kutoka kwa mama yule ndipo zilipoanza zamu zetu za kulea, hapa kwenye ukumbi huu, wazazi wawili wawili, na mke wangu akarudi Jacobs. Namshukuru mama huyo wa nyanya. Namshukuru mama wa saluni, ambaye hakuwa mtu wa kwetu na alisikia tusichosikia. Namshukuru sista, daktari, na yule dada wa ustawi asiyepunguza.

Ninachowaachia ni kidogo: mwulizeni mlezi wa mtoto wenu maswali mpaka achoke, hata akiwa dada wa tumbo moja, na mkiona hatari semeni kwa wenye kazi hiyo kabla ya kusema kwa wazee. Kesho zamu ni yangu. Njooni saa mnayotaka, na msinipigie simu kwanza.