Mwaka Huu Parokia Ianze na Nini?

Ibada ya Jumapili ya kwanza ya Januari ilikuwa imekwisha, na watu watatu walikuwa wameketi kwenye benchi ya Mama Mbambu katika mtaa wa Mangobo, hatua chache kutoka mlango wa kanisa la Kianglikana. Mama Mbambu ni mtu wa Butembo, Mkatoliki, anauza kahawa na mikate ya moto, ndiyo maana wanamwita Vatican. Zéphirin, katibu wa parokia, alishika karatasi nyeupe. Pastor Léopold alikuwa amemwambia: "Mwaka jana mliniandikia mambo kumi na saba, na hatukumaliza hata moja. Mwaka huu nataka kitu kimoja tu. Niletee saa nane." Zéphirin alikuwa na lake moyoni. Miaka kumi na moja alikuwa akihifadhi vitabu vya ubatizo ndani ya beseni, chini ya kitanda chake. Alitaka ofisi ndogo yenye mlango na kufuli. Lakini aliona haya kulitaja yeye mwenyewe, akawaacha wenzake waanze.

— Toiture, alisema Constant. Ni fundi wa matofali, na hapo benchi wanamwita Architecte. — Paa inavuja; mvua ikinyesha, pastor anahubiri na mwavuli. Andika toiture.

— Pastor na mwavuli, uliona lini? aliuliza Mama Ursule.

— Bado. Mais siku itafika.

Mama Ursule, mkubwa wa Umoja wa Mama, ni binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto. Wanamwita Présidente, naye hakatai.

— Kila mwaka toiture, toiture. Mi nasema congélateur, ile friji ya kugandisha. Wamama wanaleta samaki, jua inaiharibu kabla ya kuuza.

— Congélateur na courant gani? Umeme iko wapi? Vatican aliuliza huku akimimina kahawa.

— Courant itakuja.

— Alors, panneaux solaires, umeme ya jua! Constant alidakia. — Na ukiweka panneaux, toiture inapaswa kuwa nguvu. Toiture ikiwa nguvu, unaongeza étage, ghorofa ya juu. Kule juu unaweka vyumba ya wageni. Askofu anakuja na watu ya Canterbury, wanalala juu, asubuhi wanafungua dirisha, wanaona mto.

— Kutoka Mangobo, mbali hivi, wanaona mto? aliuliza Vatican.

— Donc, étage mbili.

— Na ascenseur ya kupandisha maaskofu wazee, alisema Mama Ursule.

Constant akatikisa kichwa kukubali. Hakutambua kwamba anachekwa.

— Sisi Wakatoliki tuko na minara, alisema Vatican, na watu wanasinzia vilevile.

Zéphirin akakohoa kidogo. Sasa aseme habari ya ofisi. Lakini toleka moja, baiskeli ya kubeba abiria, ilisimama mbele ya benchi, na mwanamke akashuka nyuma ya baiskeli, miguu yake imejaa vumbi mpaka magotini. Akasalimu wote, mmoja mmoja, akauliza mtu wa parokia ni nani. Wakamwonyesha Zéphirin.

— Mi naitwa Clothilde. Natoka kwa shapeli yenu, ile kanisa ndogo ya njia ya Opala. Leo asubuhi ndiyo nilivuka mto.

Vatican alimpa kikombe. Constant akasogea ili mgeni apate nafasi ya kuketi.

— Mama, umefika saa nzuri. Sema wewe: toiture ao étage?

Clothilde alimtazama, hakuelewa.

— Shapeli yetu ni ya majani, papa. Ikitoboka tunabadilisha sisi wenyewe. Mi nakuja kuuliza neno moja. Katekista wetu, Papa Timothée, alikufa mwezi wa kumi na moja. Tangu siku ile, nani iko katekista wetu?

Constant aliangalia ndani ya kikombe. Mama Ursule alimwangalia Zéphirin, na Zéphirin akahisi masikio yanawaka moto, kwa sababu habari hiyo aliijua. Ilifika kwa simu, naye akaisoma mbele ya comité ya parokia.

— Sijui, mama, alisema. — Habari tulipata. Nilisoma mwisho kabisa, kwa divers, mambo mengine-mengine, watu walishasimama. Nikaandika "tumesikia," nikafunga kitabu.

— Mulisikia nini? aliuliza Clothilde. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

Zéphirin akainamisha macho kwenye karatasi.

— Tuko na watoto kumi na ine, bado kubatizwa, aliendelea mama huyo. — Na Papa Timothée tulimuzika na wimbo tu. Hakuna mutu alijua ile sala ya kuzika. Ni yeye alikuwa anaijua.

— Nani aliimbisha? aliuliza Mama Ursule kwa sauti ya chini.

— Mimi.

Zéphirin aliweka karatasi juu ya goti. Ofisi yake hakuitaja, si siku ile wala baadaye. Akaandika, kisha akamsomea Clothilde: "Kitu cha kwanza ni shapeli ya njia ya Opala. Pastor afike Jumapili ijayo, na katekista apatikane."

Clothilde akatikisa kichwa kukataa.

— Ongeza saa, papa.

— Saa?

— Mwaka jana mulituambia siku tu. Tulivaa vizuri, tukangoja mpaka jua ikashuka.

— Andika saa ine, alisema Constant. — Nitamubeba pastor na pikipiki yangu, mais ile njia naijua, ni mbaya.

— Saa tatu, alisema Mama Ursule. — Mutaamuka mapema.

Walikwenda wote wanne kwa pastor. Pastor Léopold alisoma, akageuza karatasi kutafuta mambo mengine nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

— Saa tatu, alimkumbusha Clothilde.

Jumapili iliyofuata, saa tatu kasorobo, pikipiki ya Constant ilisimama mbele ya shapeli, yeye na pastor wametapakaa matope mpaka usoni. Watoto kumi na wanne walikuwa wamepangwa mstari, wamevaa nguo nyeupe. Pastor aliwaomba wangoje kidogo. Alikwenda kwanza kwenye kaburi la Papa Timothée, akafungua kitabu, akasoma ile sala ya kuzika kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Alipomaliza, Clothilde akaanzisha wimbo.