Wifi Aliposema Hatutumii Dawa

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, nawasalimu. Nimeyaandika kwanza, maana nikisema kwa kichwa huwa naongeza. Sina hakika kama huu ni ushuhuda au ni habari za kuumwa tu. Mtapima wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, Mkolani. Kwa kukaa sana mgongo ulinisumbua, nikawa nameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni kama watu wanavyokunywa chai. Siku moja tukiwa msibani Misungwi, tumbo likanishika. Nilitapika mpaka maji yenyewe hayakai. Wifi yangu, simtaji jina na msigeuke kumtazama, akanipakia kwenye gari la jirani hadi hospitali.

Daktari akasema huenda utumbo umejisokota, nipigwe picha ya siti skani haraka. Ili picha ionekane vizuri nitachomwa sindano ya rangi, na rangi hiyo mara nyingine husumbua figo.

"Mgonjwa ana shida ya figo? Kuna dawa anatumia?"

Wifi akaja juu. "Dawa? Daktari, huyu ameokoka! Kwa waganga hatuendi."

"Sijasema waganga, mama."

"Basi andika, hatutumii dawa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia vizuri kabisa, na ningeulizwa mimi ningejibu hivyo hivyo. Kwetu mtu akikuuliza habari za dawa mbele za watu, anataka kujua umefuata nini kwa mganga. Vile vya mgongo ni vidonge. Daktari naye simlaumu. Aliuliza, na utumbo haukuwa na muda wa kungoja.

Ile rangi ikiingia, joto linashuka mwilini mpaka unadhani umejikojolea. Picha ikaonyesha, wakanipasua, utumbo ukapona.

Kisha mkojo ukapungua, na mwisho mfuko wa kuupokea, uliofungwa kitandani, ukabaki mtupu. Miguu ikavimba. Wakaniambia figo zimesimama, na zisipoamka nitaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Sikulia. Nilitazama ukuta. Wifi ndiye aliyelia, nami nikamsikiliza kama analia kwa ajili ya mtu mwingine.

Wakanianzishia mashine. Akaja daktari mwingine, mwanamke. Huyu hakuuliza dawa.

"Mama, mgongo ukiuma unafanyaje?"

"Nameza kidonge."

"Na humu wodini?"

Wifi akafungua mkoba, anatabasamu. "Hivi hapa, daktari. Nampa asubuhi na jioni, sijakosa hata mara moja."

Daktari akavishika, akasoma jina. "Mama, hii ndiyo dawa. Na inaziumiza figo."

"Hivi ni vidonge," wifi akasema.

Vikaondolewa. Mashine ikaendelea, nami sikuwa nangoja chochote. Asubuhi moja wifi akapiga kelele, "Mkojo! Jamani, mkojo huo!" Wodi nzima ikageuka, muuguzi akamfokea, yeye akapiga vigelegele. Mfukoni kulikuwa na kidogo tu, cha rangi ya chai. Kikaongezeka siku hadi siku, mpaka mashine wakaitoa.

Nilimuuliza daktari ni nini hasa kilichoziangusha figo. Akasema hawezi kuapa: kutapika, vidonge, ile rangi, labda vyote pamoja. Kwa hiyo msitoke hapa mkasema picha inaua. Bila picha ile mngekuwa mmenizika. Ninachowaomba ni kwamba mkifika hospitali mtaje kila kinachoingia mdomoni, hata mkikiona si kitu.

Nawashukuru madaktari wote wawili, na ninyi mlioniletea uji. Namshukuru wifi. Msimnyooshee kidole, alinipa vile vidonge kwa upendo, nami nilivimeza.

Wengine hutoa ushuhuda wakirukaruka. Furaha bado haijanifikia, sitawadanganya. Mtu akiniuliza naendeleaje, namwambia nakojoa. Ndilo la kweli nililo nalo.