Kanuni ya Tangi Dogo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ambaye leo umevaa tai, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi yako, wageni wetu waalikwa, waume na wake mnaobaki nyumbani mkikodolea macho simu wenzenu wanapokuwa barabarani, dada yangu mhudumu wa pampu, uliyekaa karibu na mlango kana kwamba umeingia kwa makosa, hebu sogea mbele, na nyinyi waendeshaji kumi na wanne, ambao hata kwenye hafla mmeweka helmeti chini ya viti utadhani ukumbi huu utaondoka na kuwaacha: salamu zangu zimfikie kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo apokee mbili.

Kabla sijaenda mbali, nirekebishe jambo dogo. Mshereheshaji wetu amenitambulisha kuwa mimi ni mama aliyekuwa "akitusaidia mambo ya mafuta". Namshukuru kwa tabasamu lake. Lakini mimi sikusaidia. Nilipanga. Anayesaidia ni yule anayekuja ukimwita. Mimi nilikuja kabla hamjaita, na mara nyingi kabla hamjajua kwamba mnahitaji kuita. Kila mwaka chama hiki kinazunguka kilomita elfu moja na mia sita ndani ya saa ishirini na nne, na kila mwaka, ukiacha mmoja, ni mimi niliyeamua mpite njia gani, msimame wapi, mjaze wapi na mkojoe wapi. Sasa geukeni mtazame picha zilizotundikwa ukutani nyuma yenu. Mimi nimo katika moja tu. Kiwiko kile cha mkono ulioshika birika upande wa kushoto ni changu.

Sisemi haya kwa uchungu. Nasema kwa uchungu kidogo tu. Leo mmenipa ngao, ngao ni nzuri, jina limeandikwa sawasawa, na chanda chema huvikwa pete hata kama pete imechelewa. Nimeipokea kwa mikono miwili na moyo mweupe. Lakini mtu akiaga ana haki ya kusema, na mimi nina jambo, kwa sababu baada ya hotuba hii na baada ya keki ile, mtapiga kura. Ajenda ya tatu inapendekeza kufuta kanuni ya tangi dogo. Kwa faida ya wageni wetu, nitaieleza, nao watasema wenyewe kama ni kanuni ya kufutwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyekaa juu ya pikipiki, kupanga vituo ni kuweka vidoti kwenye ramani. Mimi nilianza maisha ya barabara nikiwa na pampu ya mguu na beseni la maji la kutafutia tundu la pancha. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipanda kutoka beseni hadi duka la spea, na ramani ya chama imebandikwa humo dukani, kati ya rafu ya minyororo na kalenda ya mwaka juzi. Safari ya kwanza Mwenyekiti aliniletea rula. Nikamwambia, shemeji, rula haijui kona. Nikachukua uzi wa kushonea, nikaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, mlima kwa mlima, na kila mahali pa kujaza mafuta nikafunga fundo. Tangu siku hiyo mnaniita Mama Uzi, na jina hilo halijawahi kuniudhi.

Lakini fundo linafungwa wapi? Hapo ndipo penye kazi. Watu hudhani swali la kwanza ni kituo cha mafuta kiko wapi. Hilo ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: kati yetu, nani ana tangi dogo kuliko wote? Nanyi nyote mnamjua. Ni huyu mwoka mikate wetu, aliyekaa safu ya pili na kuangalia viatu vyake, tunayemwita Kikombe. Pikipiki yake ndiyo ile ile anayosambazia mikate asubuhi. Tangi lake ni lita tisa, na kila lita inampeleka kilomita thelathini. Tisa mara thelathini ni mia mbili na sabini. Humo natoa sehemu moja katika tano, kwa ajili ya upepo wa mbele, milima, na ujinga, maana ujinga nao unakunywa petroli. Inabaki mia mbili na kumi na sita. Kwa hiyo hakuna mafundo mawili kwenye uzi wangu yaliyoachana zaidi ya hapo. Tangi dogo ndilo linaloongoza, makubwa yanafuata. Hiyo ndiyo kanuni yote. Mnasimama mara saba, na hakuna anayebaki nyuma akisukuma.

Wapo wanaosema, na wamesema nikisikia kwa kuwa duka langu halina dari: Kikombe anatuchelewesha. Chama jirani kinamaliza kwa saa kumi na tisa, sisi ishirini na mbili, wanatucheka. Tukifuata matangi makubwa tutasimama mara tano badala ya saba. Ni kweli, na hesabu nimeipiga mimi mwenyewe kabla yenu. Lakini saa hazipotei kwenye idadi ya vituo. Pikipiki kumi na nne, dakika nne kila moja kujaza na kulipa, mkifika kwenye kituo chenye mkono mmoja wa pampu mtakaa dakika hamsini na sita mkitazamana na kupiga soga. Kwenye kituo chenye mikono minne ni dakika kumi na sita, basi. Ukiokoa vituo viwili vizuri umeokoa dakika thelathini na mbili. Ukikosea kituo kimoja umezipoteza zote na nyingine juu yake. Nani kati yenu amewahi kuuliza mikono ya pampu ni mingapi?

Mimi nimeuliza. Kila mwaka napiga simu kituo kwa kituo na kuuliza mambo matatu: mikono mingapi, umeme ukikatika mnafanyaje, na choo kinafunguka? Maana kibofu cha binadamu nacho ni tangi, na hakina geji. Wahudumu wamenizoea hadi wengine wakisikia sauti yangu wanasema, ni yule mama wa choo, mwambieni kinafunguka. Na kuna mmoja nilimuuliza kama petroli ipo, akashusha sauti: mama, bosi amesema tumwambie kila mtu ipo, lakini tangi la chini limekauka na lori halijulikani litakuja lini, wapitishe watu wako njia ya juu. Tukapita njia ya juu. Mwanamke huyo ndiye dada yule niliyemwomba asogee, naye bado hajasogea. Mpigieni makofi hadi aone haya abadili kiti.

Sasa nifike kwenye mwaka wa wastani. Mwenyekiti anajua ninakokwenda, naona amefungua kifungo cha kola. Shemeji, tulia, mwisho wake ni mzuri.

Mwaka ule binti yangu alikuwa amejifungua, nami nilikuwa kwake nikilea mzazi na mtoto, kwa hiyo Mwenyekiti akajitolea kupanga. Alifanya kazi kwa moyo, nawaambia kweli. Akajumlisha matangi yote, akagawanya kwa vichwa, akapata lita kumi na tano kila mtu, akakadiria kilomita ishirini kwa lita, akapanga vituo kila kilomita mia tatu. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu safi. Ila ndugu zangu, hakuna pikipiki inayotembea kwa wastani. Wenzako wakiwa wameshiba na wewe una njaa, wastani unasema nyote mmekula nusu sahani. Haya, nenda ukalale na hiyo nusu.

Kila mtu alimhurumia Kikombe. Waliagana naye alfajiri kama anayekwenda kulazwa. Naye, kama mnavyomjua, hakubisha. Aliingia barabarani kwa mwendo wake wa mikate, mwendo usiovunja yai, na alipopita kwenye soko moja la njiani akasimama kwa muuza petroli ya chupa, akajaza tangi, akafunga chupa mbili nyuma ya kiti. Mwenyekiti, na tangi lake la lita ishirini, alikuwa mbele kabisa akikimbiza rekodi. Lita ishirini, upepo wa mbele, mwendo wa mia na arobaini: kila lita ikampa kilomita kumi na mbili. Zidisheni wenyewe. Kituo kilikuwa mia tatu, petroli ilikuwa ya mia mbili na arobaini. Tangi kubwa kuliko yote ndilo lililokauka.

Wale waliokuwa karibu naye walipita wakidhani amesimama kupiga picha, nao wenyewe walikuwa wakihesabu matone. Jua la utosini, hakuna mti, mtu mzima na heshima zake anasukuma kilo mia mbili za chuma. Aliyefika na kusimama ni Kikombe. Hakucheka. Akafungua chupa ya kwanza, akamimina, akafungua ya pili, akamimina. Mwenyekiti akamwambia, "Ndugu yangu, Mama Uzi asijue." Kikombe akajibu, "Mimi simwambii. Ila yule mama anajua kuzidisha."

Na kweli hajaniambia hadi leo. Nimesimuliwa na Mwenyekiti mwenyewe, alipokuja dukani kununua mnyororo ambao hakuuhitaji. Alizunguka rafu mara tatu, kisha akasema yote, na mwisho akasema, shemeji, rudisha uzi wako. Mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya muuza spea anastahili kuongoza chama, na ndiyo maana kila mwaka nampigia kura. Nitampigia tena. Lakini ajenda ya tatu imeandikwa kwa mkono wake, na hapo, shemeji, umesahau chupa mbili.

Najua unachotaka. Unataka saa kumi na tisa. Mimi pia nazitaka. Kaka yako, marehemu mume wangu, alizitaka kabla yetu. Zitafuteni kwenye mikono ya pampu, kwenye kulipa kwa pamoja badala ya kila mtu kupekua mifuko, kwenye kuacha kupiga picha kila penye kilima. Saa tatu nzima zimelala humo, ziamsheni. Lakini mkifuta kanuni, jambo la kwanza mtakalopoteza ni kumwona Kikombe mwaka kesho, maana hatakuja. Hatagombana wala hatajitoa kwenye chama. Atasema tu mikate ni mingi siku hiyo, nanyi mtamwamini kwa sababu itawafaa kumwamini. Je, siku tangi lako litakapokauka penye jua, nani atakuwa anakuja nyuma yako?

Namkabidhi kazi Sista, muuguzi wetu. Nilimchagua kwa sababu siku moja nilimsikia akimkatalia mgonjwa kidonge cha nne, na mgonjwa alikuwa Mweka Hazina, na Mweka Hazina alikuwa analia. Anayeweza hivyo atawaweza nyinyi. Sista, njoo uchukue uzi.

Mnaona ameushika anaugeuza. Anatafuta mafundo. Hayapo, mwanangu, nimeyafungua yote saba juzi nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu dukani, na kwa kweli mkono ulikuwa mzito kidogo. Nimeyafungua kwa sababu hayafai tena. Tangi dogo limebadilika.

Mmekuwa mkiniuliza mbona naacha kazi ningali na nguvu. Hamkuuliza sana, lakini wawili watatu waliuliza. Naacha kwa sababu mtu hawezi kupanga na kuendesha kwa wakati mmoja. Nimejinunulia pikipiki. Ni ya mtumba, nyekundu upande mmoja, injini nimeifungua na kuifunga mwenyewe. Tangi lake ni lita saba. Asubuhi ya leo nimejiandikisha kwa Katibu, naye ametunza siri vizuri kuliko nilivyotarajia: mimi ni mwendeshaji wa kumi na tano. Saba mara thelathini ni mia mbili na kumi, toa sehemu moja katika tano, inabaki mia na sitini na nane. Sista, hayo ni mafundo tisa. Kikombe, inua uso, ndugu yangu. Kuanzia leo wewe ni sufuria. Kijiko ni mimi.

Kwa hiyo mtakapofika ajenda ya tatu, pigeni kura kwa uhuru kabisa. Mjue tu kwamba mkono utakaonyooka kumwacha Kikombe unaniacha na mimi, na ngao hii bado ina kasha lake, inarudishika.

Namshukuru Mwenyekiti, kwa rula na kwa kuiweka chini. Nawashukuru wahudumu wa pampu wote walioniambia ukweli wa choo. Nakushukuru wewe, Kikombe, kwa kujua kunyamaza. Nawashukuru nyote kwa miaka ambayo niliwaona mkirudi kumi na wanne kama mlivyoondoka; hiyo ilikuwa picha yangu, nami sikuihitaji ukutani. Mwaka kesho lakini, tutakaporudi kumi na watano, mpiga picha asimame mbele yangu, na safari hii achukue uso.

Asanteni kwa kunisikiliza hadi tone la mwisho.