Kadi Ndani ya Shati

Basi lilipoondoka kituo cha Al-Shumaisi, huku ughaibuni, mlinzi Mkenya mbele yangu alikuwa amepakata kadi ya picha ya kompyuta, ameivingirisha kwa shati la kazi, jina la modeli likichungulia.

"Hata laptopu yangu ina kadi ya jina hilo," dada aliyekaa naye akamchokoza.

"Jina tu, sister. Yako imepunguziwa umeme isichemke. Katuni ambayo yangu ya desktopu inamaliza kuichora kwa saa moja, yako itachukua tatu."

"Haya, bingwa. Na desktopu yenyewe iko wapi?"

"Kafili, tajiri aliyenileta kazini, ananirudisha Vihiga kesho. Amesema begi moja, halas, hakuna zaidi. Nimeng'oa hii tu."

Nilimchukia huyo kafili nisiyemjua.

"Sasa nyumbani utaichomeka wapi?" dada akauliza taratibu.

Basi likasimama. Mlinzi akakaza fundo la shati, akashuka.