Broila Akopesheka Tena

Kijiwe chetu kiko Bunju, pale njia ya vumbi inapoiacha lami kuteremka bondeni, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Ni benchi moja la mbao na ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, lakini ikishapita alasiri, Marijani akatua birika lake la kahawa na sahani ya kashata, hapo ndo bunge. Mwishehe tunamwita Gavana, maana alilinda mlango wa benki mjini mpaka akastaafu, na tangu hapo anaongelea riba kama vile yeye ndo anaipanga. Kornelio ni Mpingo, mtu wa Newala, anachonga vinyago Mwenge na kulala Bunju. Mie nashinda na simu za watu, basi wananiita Chaji. Na Theonest, mtu wa Muleba, mfuga kuku wa kisasa, huyo ni Broila. Habari hii ni yake. Nilimuomba ruhusa niisimulie, akasema sawa, ila nisitie chumvi. Nitatia kidogo tu.

Broila alikuwaga mtu wa watu. Mabanda mawili nyuma ya nyumba, kuku wake wanaliwa kwenye mabaa ya Tegeta mpaka Mbezi, na sherehe ikitokea mtaani yeye ndo wa kwanza kupigiwa simu. Alichukua mkopo benki akaongeza vifaranga, marejesho yakawa yanakwenda vizuri. Halafu mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukaingia bandani. Wiki ile tulikuwa tunamuona anapita na toroli kwenda kufukia kuku, asubuhi toroli, jioni toroli, na hatukujua tumwambie nini, maana msiba wa kuku hauna utaratibu wake.

Benki yenyewe haikufiwa. Tarehe ilipofika ilitaka chake. Broila akakopa kwenye simu alipe benki, akakopa kwa wale jamaa wa kausha damu, wanaokupa hela leo na kuanza kuifuata kesho, alipe ya simu. Akawa anafukua shimo afukie shimo, mpaka ikafika mahali hakuna tena pa kufukua. Ndo Jumapili moja simu zetu zikalia kwa pamoja. Wale wa mikopo ya simu walikuwa wametuma ujumbe kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake: mwambieni Theonest alipe deni, si mtu wa kuaminika. Sie wa kijiweni tuliupata. Wenye mabaa waliupata. Mwalimu wa kwaya aliupata akiwa kanisani katikati ya wimbo. Na baba mkwe aliupata huko Muleba, kwenye simu aliyonunuliwa na Broila mwenyewe.

Baada ya hapo kijiweni hatukumuona. Akawa anatoka nyumbani kwa njia ya korongoni, ile ya kurukia mifereji, hata akitumwa kiberiti. Wateja waliokuwa wanamtangulizia hela wakawa wanasema wataangalia. Ukisema "wataangalia" kwa Kiswahili cha Dar, maana yake hawaangalii.

Mkewe Gladness anakaanga mihogo karibu na shule ya msingi. Alivumilia kwa muda. Halafu jioni moja, hii Broila katuambia mwenyewe, alimuwekea chakula, akavuta kiti akakaa mkabala naye.

— Unamkimbia nani, Baba Brightson? Wanaokudai wote wanajua unapolala. Wasiokudai ndo wamekupoteza.

Kulipokucha Broila alioga, akavaa shati la kanisani, akatoka kwa njia ya barabarani. Alianzia kwa Asifiwe.

Asifiwe ana duka la vyakula vya mifugo hapo juu kwenye lami, na alikuwa anamdai Broila mifuko ya chakula ambacho kuku walikula wakashiba kisha wakafa. Alimkuta anapima pumba. Broila akamsalimia, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mpaka imelainika, akasema anajua haifiki hata bei ya mfuko mmoja. Asifiwe akajifuta vumbi kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili.

— Mie nikitaka kuwajua ninaowadai mtaa huu, naangalia nani kaacha kupita hapa. Wewe pita, Theonest. Ukiwa nacho, lete. Ukiwa huna, nisalimie, uende zako.

Broila anasema kulipa kulikuwa na unafuu. Kazi ilikuwa kupita mikono mitupu, dukani wamejaa watu, unasema "habari za asubuhi, dada Asifiwe," nawe unahisi kila mwenye masikio anakuhesabia. Siku za mwanzo sauti haikutoka vizuri. Asifiwe alikuwa anaitikia kwa nguvu, kama anaitikia bosi.

Akatafuta kazi. Alichopata ni kunyonyoa kuku sokoni Tegeta, kuku wa wenzake, kwenye pipa la maji ya moto, yeye aliyekuwa anafika soko hilohilo na gari la kukodi kushusha mzigo. Wapo waliomcheka. Alinyonyoa. Hela ya manyoya ikalipa kwanza yale madeni madogomadogo ya watu wa karibu, fundi bomba, mwenye toroli, mama wa chanjo. Wale wa kausha damu aliwapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana riba isimame, alipe kidogokidogo, na akalipa. Mikopo ya simu ikaisha, na benki nayo ikawa inapata chake, chembamba lakini hakikosi.

Siku moja Asifiwe akamwita ndani. Kwenye kona ya duka kulikuwa na boksi la vifaranga linalia, na mfuko wa chakula umeegemezwa pembeni.

— Hela sikukopeshi. Hivi nakukopesha.

Broila alikataa. Alituambia kwamba alipolisikia lile boksi alisikia toroli. Akasema hapana dada, nitakufilisi. Asifiwe akamwambia vifaranga wamelia tangu asubuhi na yeye hana mkono wa tatu, kwa hiyo kama anakataa awaambie wenyewe. Broila akawachukua. Safari hii chanjo hakumuachia mtu. Alikuwa analala na redio bandani, na Gladness akampelekea blanketi, akasema kama mume kahamia kwa kuku basi asife kwa baridi. Wakakua, wakauzwa, na Asifiwe akapata hela yake kabla ya siku waliyoahidiana. Akamkopesha tena. Akalipa tena. Na deni la benki likaisha.

Ndo Broila akarudi kijiweni. Hakuna aliyefanya sherehe. Gavana alisogea tu kwenye benchi, na mazungumzo ya mpira yakaendelea.

Sasa ikaja ishu ya kipaimara. Askofu anakuja parokiani, watoto ni wengi, na kamati ikamuuliza Broila kama ataweza kulisha ugeni wote ule. Ilikuwa oda ya kumsimamisha mtu. Lakini banda la pili lilikuwa limeoza paa, na kwa vifaranga wengi hivyo Asifiwe peke yake asingeweza kumbeba. Akikosa mtaji, oda inakwenda kwa mfugaji wa Madale. Broila akaenda benki ile aliyomaliza deni lake. Kijana wa dirishani akaangalia kompyuta, akamwambia jina lake bado linasoma vibaya, aje siku nyingine.

Alipotua kijiweni jioni ile uso ulikuwa chini. Tukamuuliza, akatueleza. Basi kijiwe kikaamua kumsaidia kwa kila akili kilichokuwa nayo.

Gavana akaanza kwa kuweka kikombe chini taratibu.

— Mie ile kompyuta naijua. Haisahau, ila inazimika. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na nyaya zote za benki ziko uvunguni.

— Unamaanisha niende nikachomoe waya, akasema Broila.

— Mie nimesema uiname. Utakachokikuta huko ni kati yako na Mungu wako.

Mpingo akatikisa kichwa. Kwake tatizo halikuwa waya, lilikuwa vidole.

— Nyie mnahangaika bure. Mie kwa kuchonga, alama za vidole zimeisha. Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilinigomea mpaka yule dada akaniuliza kama niko hai. Broila, nakuletea gogo la mpingo, unalisugua mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza kidole. Ukirudi benki huna kidole, deni watalishika wapi?

Nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema anunue laini mpya ya simu, ajisajili jina la ukoo wa mama, kwa sababu kwenye mtandao mtu ni laini yake. Wakaniambia hilo ni wazo la mtu anayeuza laini. Kweli nauza.

Gavana akaona tunampita. Akainama mbele, akashusha sauti.

— Basi afe.

Mpingo akarudisha kashata kwenye sahani.

— Afe kidogo. Tunatangaza msiba, tunaweka turubai, benki inapata habari, inafuta kila kitu, maana maiti hadaiwi. Arobaini ikipita anarudi na jina safi. Kufa kufaana, bwana.

— Na rambirambi? akauliza Mpingo.

— Itakuwa ndo mtaji.

Broila alikuwa ameanza kucheka, bega linapanda linashuka, mara ya kwanza tangu alipotoka benki. Marijani, ambaye huwa hachangii, alikuwa anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

— Maiti ndo anadaiwa wa kwanza. Hata mirathi haigawanywi mpaka deni lake lilipwe.

Gavana akasema hiyo ni sheria ya dini, yeye anaongelea sheria ya benki. Mpingo akamuuliza kwani mlango ule aliulinda au aliusomea. Kahawa ikaendelea.

Broila hakuiba waya wala hakufa. Alirudi benki na kuomba kuonana na afisa mikopo mwenyewe, mama mmoja mtu wa Mbeya aitwaye Tupokigwe. Huyo hakumkemea wala hakumpamba. Alimwambia kwamba taarifa za kuwa deni limekwisha zilichelewa kuingia, na angelishughulikia hilo siku hiyohiyo. Lakini akamwambia na la pili, kwamba yale ya nyuma hayafutiki. Anayetazama ataona alichelewa, na ataona alilipa. Akamuuliza kama yuko mtu yeyote anayemkopesha sasa hivi. Broila akamtaja Asifiwe, na yule mama akapiga simu palepale, ameweka sauti ya nje.

— Unamfahamu Theonest, mfuga kuku?

— Namfahamu. Kapita hapa asubuhi.

— Mama, nauliza habari za deni.

— Na mie najibu habari za deni.

Tupokigwe akaitazama simu, akamtazama Broila. Akamwambia wataanza na nusu ya alichoomba.

Siku hiyo Broila alishuka kwenye lami na shati limechomekewa, akaja moja kwa moja kijiweni hata nyumbani hajafika, ingawa kwa Gladness alishapiga simu. Alipotuambia nusu, Gavana alikasirika kwa niaba yake, akasema hiyo ni dharau, angekuwa yeye angemrudishia yule mama hela yake. Mpingo akapiga hesabu, akaona kwa nusu hiyo paa linapona na vifaranga wanaingia kwa awamu mbili badala ya moja. Broila mwenyewe alikuwa anatafuna kashata, anatabasamu na ukuta. Alisema kilichomfurahisha zaidi ni kwamba yule mama alisema "tutaanza." Basi hapo kijiwe kizima kikawa cha wataalamu. Gavana akatufundisha misingi ya kuaminika, Mpingo akatufundisha ya kwake, nami nikatia langu, kwamba mtu jina, jina mtu, na tajiri na mali yake. Hakuna aliyejua hiyo ya mwisho imeingiaje.

Pembeni alikuwa amesimama kijana mmoja ambaye hatumjui, mikono ina vumbi la aluminiamu, na begi la vifaa begani. Alitusikiliza muda mrefu. Kisha akasogea.

— Shikamooni.

Tukaitikia.

— Samahani wazee. Mie nimehamia juzi, natokea Kipawa, tajiri wangu hajatulipa. Nawasikia mnavyoongea kuhusu kuaminika. Nilikuwa nauliza, mtu kama mie, hapa hakuna anayenijua. Nikitaka kikombe kimoja cha kahawa, nilipe kesho, naanzia wapi?

Gavana akainama kutafuta kitu uvunguni mwa benchi. Mpingo akaanza kukagua vidole vyake. Mie simu ya mteja ilihitaji kufungwa skrubu, nikaifunga. Marijani alishika birika, kikombe mkono wa pili, akasubiri kusikia kijiwe kinasemaje.

— Mpe, akasema Broila. Asipokuja kesho, nidai mie.

— Sawa, akasema Marijani, akamimina palepale.

Kijana akapokea kwa mikono miwili. Broila akajisogeza, Gavana naye ikabidi ajisogeze, mpaka ikapatikana nafasi kwenye benchi. Kijana akakaa. Akapiga funda la kwanza, kahawa ya moto, akafumba macho.

Ndo Broila akamgeukia kumuuliza jina.

— Talha, akasema.