Andongwisye na Sifuri ya Mbele

Ndugu waombolezaji, ndaga, asanteni kwa kufika. Mimi ni Hezroni, mdogo wa marehemu, niliyepewa na ukoo kazi ya kuwasomea.

Marehemu Andongwisye alizaliwa Mwaya tarehe 4 Juni 1958, akasoma shule ya msingi huko huko, sekondari Mbeya, kisha kompyuta Dar es Salaam, akarudi mwaka 1985 na ujuzi ambao Kyela ilikuwa bado haina mashine yake. Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na Hosiana, wakajaliwa Tupokigwe na Noa.

Soko huria lilipofika, mwaka 1994, aliajiriwa na kampuni ya kununua kakao hapa Bondeni, akaandika programu za kutunza majina ya wakulima. Kila faili lina ruhusa za kusoma na kuandika, za mwenye faili, za kundi lake na za watu wengine, nazo huandikwa kwa tarakimu, naye alishikilia kwamba zianze na sifuri, na pembeni yawepo maneno ya kueleza nani ameruhusiwa nini. Walimtania kwa jina la Mzee Sifuri, akawajibu kwamba pasipo hiyo sifuri mashine huhesabu vingine kabisa, ikamfungia mwenye faili nje na kumwachia mwingine kalamu.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2001. Marehemu akiwa wodini Mbeya, msaidizi wake kazini, Ipyana, aliziondoa sifuri zote akiziona urembo, na kampuni ikashindwa kusoma faili lake yenyewe. Marehemu alipoambiwa, alisema tu kwamba atakuja kurekebisha. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2002, saa kumi alfajiri.

Jumatano asubuhi sifuri zilikuwa zimerudi, pamoja na maelezo ya pembeni, kwa jina la marehemu, ilhali chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa na umeme, uliokatika tangu Jumatatu, ulikuwa ndiyo kwanza umerudi. Ipyana, akidhani anachezewa, alizifuta, na Alhamisi zikarudi. Meneja ameiandikia familia kuikumbusha kwamba marehemu hana kibali cha kutumia mashine nje ya saa za kazi. Shemeji Hosiana hajapata usingizi, anauliza kama tunamzika mtu aliyepumzika.

Historia hii niliichapa jana kwenye mashine ile ile, nikaandika kwamba alifariki saa kumi na moja, leo nimekuta imeandikwa saa kumi, na daktari amethibitisha kuwa ni saa kumi. Sikuibadilisha tena, kwani mwenye faili ana ruhusa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bondeni na Mwaya, wafanyakazi wenzake, na Ipyana, ambaye asubuhi hii ameahidi mbele ya shemeji kwamba hatazigusa sifuri tena.

Kaka, sifuri zimebaki mahali pake. Iache mashine sasa, upumzike kwa amani.